Kulala Garini Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili kwa Mke na Mume

Swali tuliloulizwa na kila mtu, kuanzia mama mkwe mpaka fundi wa tairi, lilikuwa moja: mnalala garini kwa nini na nyumba mnayo? Mama mkwe alinivuta pembeni kuniuliza kama tumefukuzwa kwa kodi. Nilimjibu kwamba mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo ya mjini, Unguja nimeishi umri wangu wote, na mpaka nakaribia miaka thelathini na tano sikuwahi kuliona jua likichomoza upande wa mashariki wa kisiwa changu mwenyewe. Vyumba vya ufukweni vimepangiwa bei ya wageni, na ukienda kwa daladala unashinda ukitazama saa usije ukaachwa. Njia iliyobaki ni kwenda na kitanda chako.

Tulikwenda siku tisa, mimi na mume wangu, tano Unguja na nne Pemba. Naandika tulivyojipanga, tulipokosea, na nini ningebadilisha nikianza upya.

Ila nikuambie mapema usije ukanilaumu. Kama umeziona zile picha za watu waliolaza gari zao chini ya milima ya moto, hapa huipati. Visiwa vyetu havina volkano. Zinazowaka bado ziko mbali: Karthala huko Ngazija, Komoro, au Bara kwa Wamasai, Ol Doinyo Lengai. Sisi mawe yetu ni matumbawe: miamba iliyojengeka chini ya maji zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kisha bahari ikashuka ikaiacha juu. Ndiyo ile ardhi ya makaweni ya kusini na mashariki ya Unguja, yenye ncha kali za kukata kandambili, na ndiyo iliyotoboka ikatupa mapango. Usiku wa mbalamwezi, ukiwa peke yako katikati ya mawe yale, volkano huikumbuki.

Gari

Chukua Noah, Townace au Haisi fupi. Yetu ni Noah ya zamani iliyokwisha kubeba watoto wa skuli kwa miaka. Kirikuu ni hodari kwa mizigo, lakini kwa watu wawili na joto la Februari ni sanduku. Kama gari ni ya kukodi, mwambie mwenyewe kwamba mtalala ndani na mtatoa viti. Usimfiche. Bima na leseni ya njia zina jina lake.

Toa viti vya nyuma, vihifadhi nyumbani pamoja na boliti zake ndani ya kopo lililoandikwa. Kisha mwite seremala atengeneze jukwaa la mbao lenye plaiwudi juu, lipite juu ya uvimbe wa matairi ili mpate upana wote wa gari. Chini ya jukwaa panabaki nafasi ya makreti: vyombo kreti moja, chakula moja, nguo moja. Sisi tulinunua godoro la nne kwa sita, inchi nne, tukalikata vipande vitatu ili mchana likunjike na tupate pa kukaa. Seremala asikate ubao hata mmoja kabla aliye mrefu kati yenu hajalala ndani ya gari, mlango wa nyuma umefungwa. Tulipima urefu wa mume wangu tukasahau kuhesabu mto. Usiku wa kwanza alilala mshazari, na mimi nikalala kwenye pembe iliyobaki.

Mapazia usinunue. Doti mbili za kanga za rangi ya kiza zinatosha gari zima: kioo cha mbele kanga nzima, zilizobaki zikatwe kwa madirisha ya ubavuni, zishikwe kwa vibanio vya nguo. Kwa mbu, kata chandarua cha zamani, ushone sumaku ndogo kwenye pindo, ukibandike nje ya mlango. Hivyo vioo vinabaki wazi na upepo unapita. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini mbu hawajahama, na usiku mmoja wa kupigana nao unatosha kuanzisha ugomvi wa ndoa.

Maji ni madumu mawili ya lita ishirini, moja la kunywa na kupikia, moja la kuogea na kutawadhia, na yasichanganywe. Chukua kata au kopo. Kwa samaki na maziwa beba deli, barafu utaipata kwenye madiko wanaponadi samaki. Jiko ni mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia juu yake. Pika nje siku zote, hata mvua ikinyesha, funga turubai kutoka kwenye paa la gari. Jiko la mkaa usiliingize ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto tu, kwa sababu hewa ya mkaa haina harufu na huua watu wamelala.

Umeme tulijiamini mno. Tulichomeka simu mbili na feni kwenye gari iliyozimwa, na asubuhi pale Jambiani haikuwaka. Vijana waliokuwa wakienda kuvua walitusukuma, tukawalipa kwa chai na mkate wa kumimina uliobaki. Baada ya hapo tulinunua pawabenki kubwa na taa ya sola, na gari ikabaki na kazi yake.

Choo, tuseme wazi

Miongozo ya aina hii huandikwa na wanaume, na suala hili wanaliruka. Mwanaume atasimama popote. Mwanamke wa Kizanzibari aliyevaa baibui hawezi kwenda nyuma ya mti kwenye kijiji ambacho kila mti una mtoto anayechungulia. Misikiti ina vyoo na maji, lakini mingi upande wa wanawake haupo au umefungwa.

Kanuni tuliyoifuata ni kwamba pahala pa kulala huchaguliwa kwa choo, halafu ndiyo mandhari. Mnaweza kulala kwenye uwanja wa gesti ndogo, mkalipia choo na bafu bila chumba. Tuliomba hivyo mara tatu na hatukukataliwa. Mnaweza kulala kwenye ua wa nyumba ya mtu. Kwa dharura ya usiku, ndoo yenye kifuniko na vumbi la mbao ndani yake, ikazikwe mbali asubuhi. Mume wangu aliicheka ile ndoo mpaka siku alipokula urojo wa jioni asiyemjua mpishi wake.

Kubisha hodi

Hapa ndipo safari hufaulu au kuharibika. Unguja na Pemba hakuna pahala patupu. Ufuo unaouona hauna mtu una wenyewe: pana diko la wavuvi, pana vigingi vya mwani vya akina mama, pana mti ambao wazee hawaupiti na viatu. Gari mbili tatu za kigeni zikilala bila kusema, kijiji kizima kinakosa usingizi, na mtakaoamshwa saa nane usiku ni nyinyi.

Kwa hiyo fikeni kabla ya alasiri kuisha. Ulizeni nyumba ya sheha, kiongozi wa eneo, kila mtu anaijua. Mume na mke muende pamoja, mke amejifunika vizuri, na msipige honi mlangoni. "Hodi hodi" tatu, mkinyamaziwa mrudi baadaye. Salamu kwanza, khabari za nyumbani, ndipo shida. Sisi tulisema hivi: "Shikamoo mzee. Sisi ni mke na mume, tunatoka mjini, tunatembea kukiona kisiwa chetu. Tunaomba utuoneshe pahala pa kulaza gari mpaka asubuhi." Usiseme "tunataka ku-kempu." Neno hilo linaleta picha ya ulevi na muziki.

Bebeni vitambulisho, na bebeni cheti cha ndoa au nakala yake. Kwetu tuliulizwa mara mbili, mara moja kwenye gesti na mara moja na mzee mmoja aliyekuwa na adabu kiasi kwamba aliuliza kwa kuzunguka: "Na wazee wa binti wapo wazima? Harusi ilikuwa wapi?" Msikasirike. Ukionesha cheti hapo hapo, kahawa inafuata.

Pesa ya asante toeni asubuhi, na isiwe mkononi kwa mkono mbele ya watu. Sukari kilo mbili, majani ya chai na sabuni vinapokelewa vizuri zaidi kuliko noti.

Upepo na maji

Msiende masika, kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei. Njia za ndani zinageuka tope na mlango wa gari hauwezi kubaki wazi. Vuli, Oktoba mpaka Disemba, mvua zake ni fupi, mnaweza kuzivumilia. Tulikwenda Julai wakati wa kusi: baridi ya kupendeza, usiku shuka mbili, lakini pwani ya kusini mashariki upepo unapiga mchanga mpaka ndani ya sufuria. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari ya mashariki hutulia zaidi na joto hupanda. Elekezeni mlango mkubwa wa gari upande upepo unakotoka, na jikoni kuwe upande wa pili.

Ramadhani nendeni kama mnajua mnachokifanya. Kula na kupika hadharani mchana hakuna, na kwa wanaofunga kulala garini kwenye jua la adhuhuri ni adhabu. Lakini futari za vijijini! Hamtapika hata siku moja.

Kuhusu maji ya bahari, jueni bamvua, maji makubwa, na maji mafu, maji madogo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika hamsini. Tofauti ya kujaa na kupwa hufikia mita nne, na kwenye pwani za mashariki zenye mteremko mdogo maana yake bahari inaondoka kabisa, inarudi jioni mpaka kwenye mizizi ya minazi. Gari isishuke mchangani. Mchanga mkavu unaumeza, mchanga mbichi unakudanganya, chumvi inakula chasisi, na kasa hutaga huko huko. Mkikwama juu ya ufuo, punguzeni upepo wa matairi na mtandike makuti mbele ya magurudumu; mbao mtapoteza muda.

Wala msiegeshe chini ya mnazi. Nazi haina huruma na kioo cha mbele. Mwembe nao, msimu wa maembe, unaleta popo usiku kucha na mtaosha gari kwa kisu. Mkienda msimu wa doriani msiegeshe chini ya mdoriani, na kama mume wako analipenda doriani, lisiingie garini.

Njia ya Unguja

Tokeni mjini asubuhi kwenda Jozani, kilomita kama thelathini na tano. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50. Kabla ya lango mtakuta matuta barabarani. Punguzeni mwendo kweli kweli. Kima punju wanavuka pale kwa makundi, na kabla ya matuta kuwekwa waliokuwa wakigongwa ni wengi. Kima huyu ni wa Unguja. Watu wa mashamba walimwita punju, sumu, wakiamini anaua miti anayoila. Anachokula kweli ni majani machanga, na wanaoishi karibu na watu huokota makaa ya jikoni wakayatafuna ili kutuliza sumu ya majani ya mikungu na miembe. Tulimwona mmoja na kipande chake mkononi kama mtu na sigara. Msiwape chakula, msiwaguse, na madirisha yafungwe.

Baada ya msitu vukeni upande wa pili muone mikoko kwenye njia ya mbao, ila ulizeni maji yako vipi. Yakijaa ndiyo inapendeza, mizizi yote imo majini na kaa wamepanda juu.

Kutoka hapo Kizimkazi. Watu wanakimbilia pomboo. Mimi nasema nendeni kwanza Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Bado unaswaliwa. Pomboo wakipendeza kwenu tafuteni nahodha asiyewafukuza kwa mashua, na kama hamumpati, waacheni.

Makunduchi ni kubahatisha tarehe: Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huwa Julai, na kama mtaangukia siku hiyo, wekeni gari mbali sana na uwanja, kwa sababu pana vibanda vinachomwa moto na vijana wanachapana kwa migomba na hawana muda na Noah yenu.

Jambiani lala siku mbili. Hii ndiyo asubuhi niliyoikosa miaka yote. Jua linatoka majini saa kumi na mbili na nusu hivi, bahari imeanza kurudi nyuma, na akina mama wanashuka na kamba zao kwenda kwenye mwani. Kilimo hiki cha mwani Zanzibar kilianza 1989, pwani hii hii ya kusini mashariki. Msipige picha bila kuomba. Mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, kila siku nimepigwa picha, hata mimi sijui ziko wapi." Nikaiweka simu, nikamsaidia kubeba gunia mpaka juu, na mgongo uliniuma siku mbili.

Ndani kidogo kutoka ufuoni kuna pango la Kuumbi. Chukueni mwongozaji wa kijijini, si kwa sababu mtapotea tu, bali pango lile bado lina wenyewe wanaokwenda kuomba. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo alama za watu walioishi takriban miaka 20,000 nyuma, wakati bahari ilikuwa chini na Unguja imeungana na Bara. Ukisimama ndani na mizizi imening'inia kutoka darini mpaka kwenye maji ya baridi, ukafikiri kwamba waliolala hapa walikuja kwa miguu kutoka upande wa Bagamoyo, unanyamaza. Vaeni viatu vya kufunga. Makaweni nimeshayasema.

Sehemu ya kaskazini tuliipita haraka, na sijutii. Chwaka kwa mnada wa samaki asubuhi, Kiwengwa kwa mapango ya ndani ya msitu wa hifadhi wa Kiwengwa na Pongwe, kisha Nungwi. Kelele za Nungwi usiku hazifai kwa watu wa garini. Nendeni mchana mkatazame mafundi wa majahazi wakipigilia misumari na kuziba kwa pamba na mafuta, mwogelee kwa vile maji hapo hayakimbii, halafu muondoke. Njiani kurudi simameni Mangapwani. Kuna pango la asili lenye maji, na mbali kidogo kuna kile chumba cha kuchimbwa chini ya mwamba kilichofichiwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku 1873. Wawili wanaopendana wakishuka ngazi zile wanapanda kila mmoja kimya chake. Msipange kula hapo.

Kuvuka

Boti za kasi hazibebi gari. Mnatafuta meli ya magari, na ratiba yake haijali likizo yenu. Nendeni wenyewe bandarini Malindi siku kadhaa kabla, ulizeni siku, bei ya gari kwa ukubwa wake, na saa ya kupakia. Beba kadi ya gari, bima, leseni, na barua ya mwenye gari kama si yako. Mtungi wa gesi uwaambie na uufunge. Tulifika saa moja mapema tukidhani tumewahi. Waliowahi walifika asubuhi. Meli yetu ilichelewa kuondoka mpaka usiku, na hakuna aliyetoka kutwambia neno. Godoro letu likiwa ndani ya gari na gari ndani ya tumbo la meli, tulilala juu ya mkeka sitahani na watu na kuku wao. Kwa hiyo mkeka, shuka moja na chakula viwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa maana mkishafunga gari huko chini hamrudi tena.

Mkondo wa Pemba una kina cha mita mia nane hivi. Wakati wa kusi meli inacheza. Ndimu, tangawizi, na usile chipsi.

Kama hesabu ya kuvusha gari inawashinda, kuna njia nyingine: vukeni kwa boti, mkodi gari Chake Chake, mji mkubwa wa Pemba, muende na godoro lililokunjwa na chandarua. Usiku mmoja au miwili mtalala kwenye gesti, si dhambi.

Pemba

Kisiwa kina urefu wa kilomita kama 67, lakini usiihesabu Pemba kwa kilomita. Barabara inapanda na kushuka vilima kama nyoka, na kila kona kuna ng'ombe, mtoto au mkeka wa karafuu. Mikeka hiyo iheshimuni. Msimu wa uchumaji, karafuu huanikwa mpaka ukingoni mwa lami, na gurudumu moja linaponda mapato ya mtu ya mwezi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba. Na tafadhali, msinunue karafuu shambani mkaitia garini, hata kwa nia ya zawadi. Karafuu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na gari iliyokutwa na gunia itaeleza kwa polisi habari ndefu ya magendo.

Jazeni mafuta Chake au Mkoani kila mkipita, msingoje taa iwake.

Sisi tulianzia Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye inasimuliwa aliwasombesha watu mawe wakitambaa kwa makalio. Kisha Kidike, baina ya Chake na Wete, kuwaona popo wa Pemba. Hawapatikani pahala pengine duniani. Wakubwa, rangi ya chungwa la kuiva, wamening'inia mchana juu ya miti kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, sasa wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Jioni, kabla ya magharibi, wanaamka pamoja, na mbingu inajaa mbawa.

Wete tulinunua halua. Iwekeni mbele, nyuma hamtalala.

Siku mbili za mwisho ni za Ngezi, na kama safari nzima ina siku mbili tu, ziwe hizi. Kutoka Konde njia inaingia msituni ghafla, mwanga unageuka kijani, na joto linashuka kama mtu aliyefungua mlango wa jokofu. Simameni kwenye ofisi ya hifadhi, lipeni, chukueni mwongozaji. Humu mna mpapindi, mtende unaoota Pemba pekee, na mwongozaji wetu alitupangia matembezi ya usiku kumsikiliza bundi mdogo wa Pemba. Anaita sauti moja fupi, anangoja, anaita tena, na mwingine anajibu mbali. Nilimshika mume wangu mkono gizani na wala hapakuwa na cha kuogopa. Msilale ndani ya msitu bila ruhusa ya maandishi. Pana sehemu wenyeji wanazitunza kwa desturi zao, na mwongozaji atawapitisha pembeni bila kuwaeleza sana. Msimbane.

Baada ya msitu njia inatoka kwenye rasi. Mashariki yake Vumawimbi, magharibi Verani. Asubuhi tulikuwa Vumawimbi, ufuo mrefu, jioni Verani kwa machweo, na katikati tukapanda mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma. Ngazi ni nyembamba, upepo wa juu unavua kofia. Tulilala kwenye ua wa bibi mmoja Makangale ambaye alitupa choo, maji ya kisima, na mihogo ya nazi, kisha akakataa tusipike kabisa. "Mtapikaje na mimi nipo?" Ndiyo tatizo la Pemba: mtabeba mchele mliokuja nao mpaka kwenu.

Kabla ya kuondoka piteni diko la Tumbe asubuhi, na kama maji na mfuko vinaruhusu, acheni gari Wesha kwa mtu mnayemwamini mkapande mashua kwenda kisiwa cha Misali. Gari mtaikumbuka mkiona kivuli cha miti ya huko.

Wawili ndani ya futi sita

Gawaneni kazi mapema: mmoja akipika, mwengine anapanga kitanda. Usiku mmoja katika kila minne lala nyumbani kwa watu au gesti, mfue na kila mtu awe na ukuta wake. Mkigombana, mmoja ashuke akatembee, lakini achukue viatu. Mume wangu alishuka kwa hasira makaweni na kandambili moja, akarudi baada ya dakika tano kuomba plasta.

Taka rudini nazo mjini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku muda mrefu, ila chupa za maji bado zinatapakaa, na kijiji kitawakumbuka kwa mlichoacha.

Mkirudi

Siku ile ile, kabla ya kulala, osheni gari chini kwa maji baridi ya bomba, chasisi, matao ya magurudumu, bawaba za milango. Toeni godoro likaanikwe, rudisheni viti na boliti zake, muone kama zimetimia. Sisi tulipata boliti zote na tukazidisha dumu moja. Lilikuwa la bibi wa Makangale, jekundu, limeandikwa jina la mjukuu wake kwa rangi. Nimelijaza sabuni na sukari, liko mlangoni linangoja mtu anayevuka wiki ijayo.